Likizo kwa Mafundi

Likizo ya Juni ilipokaribia, mimi na baba watoto tulikubaliana jambo moja: safari hii watoto hawatatembezwa, watafundishwa. Mbugani tumeshawapeleka, makumbusho wameyaona, ufukweni wamecheza, na mara zote wamerudi wamefurahi. Ila sisi ni watu wa ofisi, tunakaa Dodoma, na kazi zetu za kompyuta na makaratasi hazina cha kumpa mtoto akishike. Binti yetu ana miaka 11, mdogo wake wa kiume ana 8. Huu ndio umri wa vidole kushika mambo. Tukaona tuwakabidhi kwa watu wanaojua kazi: mchoraji Dar es Salaam, msukaji wa ukili (ile mikanda ya kushonea mikeka) Jambiani, fundi wa vyombo vya baharini Nungwi, mwalimu wa ngoma Mji Mkongwe.

Madarasa ya namna hii yamejaa pwani yote. Ukifika hotelini unakuta yameandikwa ubaoni: mapishi, kusuka, kuchora, ngoma. Wanaoyalipia wengi ni wageni wa Ulaya na Marekani, na Mtanzania aliyekuja na familia yake anaupita ubao huo kana kwamba haumhusu. Nadhani tunapoteza kitu kikubwa. Mtoto wa Kijerumani anayeketi mkekani mbele ya bibi wa Jambiani anahitaji mkalimani, na mkalimani huacha nusu ya maneno njiani. Mtoto wetu anayapata yote: maelekezo, utani, makaripio, habari za jirani zinazosimuliwa huku kazi inaendelea. Kama kuna watoto ambao mkeka ule unawangoja, ni wa kwetu.

Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, ilitushusha Dar es Salaam mchana, na kesho yake asubuhi tulikuwa Oysterbay, nyuma ya Morogoro Stores, penye wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akahangaika na vibarua vya mjini kama vijana wengi wa kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi ya mafuta, ile ile inayopakwa milango na baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, nao wakafundisha wengine. Mpaka leo uchoraji huu unaendelea hivyo, kijana anakaa pembeni ya mkubwa wake, anatumwa rangi, anapaka za chini, mwisho anaachiwa brashi. Mtoto anayeingia pale anapokelewa kwenye utaratibu ambao haukutungwa kwa ajili ya watalii.

Mchoraji aliyewapokea wetu aliwapa kila mmoja kipande cha ubao chenye ukubwa wa daftari. Mwanangu alitaka kuanza na tembo. “Bado, bwana mdogo,” akaambiwa. “Huyo tembo atasimama wapi?” Wakapaka rangi ya chini tu, njano ya juu ikichanganyika taratibu na rangi ya machungwa ya chini, kisha wakaambiwa waende zao, warudi kesho ikishakauka. Moyo wangu ulitulia pale pale. Mtu anayemwambia mtoto wa mgeni “rudi kesho” anaiheshimu kazi yake.

Kesho yake wakachora. Rangi ya mafuta haifutwi kama penseli. Mstari ukienda kombo unauacha ukauke ndipo uufunike, au unaugeuza kuwa kitu kingine, na ndivyo mguu wa tano wa tembo ulivyogeuka mti. Binti alichagua kanga. Madoa ya kanga yanapigwa moja moja kwa ncha ya kijiti, na yeye alikuwa anachovya kijiti kila doa, rangi ikawa inavimba na kutiririka. Mchoraji akamshika kifundo cha mkono. “Chovya mara moja, piga matatu. La nne litakuwa hafifu, ndipo uchovye tena. Hayo mahafifu ndiyo yanamfanya kanga awe na mgongo.” Nikatazama ubao. Kweli, palipokuwa na madoa mazito na mepesi, ndege alikuwa ameanza kuwa na mwili. Walipomaliza waliosha mikono kwa mafuta ya taa, halafu sabuni, na harufu ile tukavuka nayo bahari.

Kutoka mjini Unguja tulipanda daladala namba 309 mpaka Jambiani, pwani ya mashariki. Ratiba ya huko inapangwa na bahari. Wakati wa bamvua maji hukupwa mpaka mbali, unaona watu wadogo kabisa wameinama kule karibu na mwamba, na wenye mashamba ya mwani wanakuwa huko wote. Hakuna wa kukaa barazani kufundisha mtoto saa hizo. Kwa hiyo asubuhi watoto walishuka nao. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara hapa mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Watoto walipewa kazi ya kufunga mbegu: unashika tawi la mwani, unalipitisha kwenye kikamba kidogo kilichofungwa kwenye kamba kubwa, unakaza bila kulikata. Ukikaza sana linavunjika, ukilegeza linachukuliwa na maji. Baba yao alishika ncha ya kamba, maji magotini, jua limemkolea shingoni. Mama mmoja alimweleza binti kwamba ile aina nene, yenye bei nzuri, haistahimili tena maji ya karibu na ufukwe kwa sababu yamekuwa ya moto, na kwamba sasa wanapanda ile nyembamba ambayo wanunuzi wanailipa kidogo. Alimweleza hayo akiendelea kufunga. Binti yangu amesoma shuleni habari za mabadiliko ya tabianchi na kuzifanyia mtihani. Hapa alikuwa amesimama ndani yake kwa miguu mitupu.

Maji yalipojaa tukaenda kwa bibi wa ukili.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kwa bibi huyu ndiko tulikoona darasa lenyewe. Tulipiga hodi uani, watoto wakaamkia, “Shikamoo bibi,” naye akaitikia, “Marahaba wajukuu zangu. Vueni viatu, kaeni.” Alikuwa ameketi juu ya jamvi, miguu ameinyoosha, na pembeni yake lipo fungu la ukindu uliokwisha kuanikwa, mweupe kama maziwa, na mafungu madogo yaliyochemshwa kwenye rangi: zambarau, kijani, nyekundu. Mwanangu alinyoosha mkono kwenye zambarau. Bibi akampa mweupe.

Siku ile hawakusuka chochote. Walichana. Kuti changa la mkindu likikauka linakuwa na vijani virefu, na kila kijani lazima kichanwe kwa ukucha wa kidole gumba kiwe chane zenye upana mmoja. Upana ukitofautiana, ukili utakwenda upande kama gari lenye gurudumu bovu, na hutajua kosa liko wapi mpaka umefika mbali. Bibi alikuwa hapimi. Alichoma ukucha, akavuta, kijani kikafunguka kwa sauti ndogo ya kuchanika, akatupa chane begani kwake. Watoto walipochana, nyingine zilianza nene zikaishia uzi. Bibi aliziokota zote mbovu, akaziweka kando bila kuzitupa. “Hizi tutafungia mwani,” alisema.

Kijana mdogo alivumilia mpaka alasiri, kisha bibi akamwachia aende kwa wanawake waliokuwa wanaponda makumbi karibu na pwani. Makumbi ya nazi huzikwa kwenye mchanga wenye maji ya bahari kwa miezi, yakioza vizuri yanafukuliwa na kupigwa kwa rungu mpaka yabaki nyuzi za usumba za kusokotea kamba. Harufu yake haina mfano. Yeye ilimfaa kabisa: alipewa rungu, akaonyeshwa wapi pa kupiga, na jua lilipotua ilibidi tumwite zaidi ya mara moja. Nimejifunza kwamba watoto wawili wa nyumba moja hawahitaji darasa moja. Mmoja anataka kukaa na kazi ndogo ya makini, mwenzake anataka kupiga kitu, na kijiji kikiwa kinafanya kazi zake za kawaida, vyote vipo.

Siku iliyofuata binti alianza kusuka. Bibi alimwanzishia ukili mwembamba wa chane chache, akausuka mwenyewe kiasi cha shubiri, akampa ncha. Juu, chini, pinda ukingoni, kaza. Chane ikikaribia kwisha unaingiza mpya juu yake kabla ile ya zamani haijaisha, na mkia unauacha upande wa nyuma, utakatwa baadaye. Maelezo yanaonekana mepesi. Vidole vya binti vilijaa jasho, ukindu ukawa unateleza, bibi akampa bakuli la maji alowanishe kidogo tu, maana ukilowa sana unafura na ukikauka unalegea. Baada ya muda alikuwa na kipande kirefu kuliko mkono wake, amekishika juu anionyeshe, uso unang'aa.

Bibi alikichukua akiwa anazungumza na jirani yake habari za arusi. Hakukitazama. Alipitisha kidole ukingoni, polepole, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, huku mazungumzo ya arusi yakiendelea, kidole kikasimama mahali. “Fumua mpaka hapa.”

Mahali penyewe palikuwa karibu kabisa na mwanzo. Binti alinitazama, midomo ikamcheza. Nilitaka kusema neno, nimwambie bibi kwamba mtoto ni mara yake ya kwanza, kwamba sisi tunakwenda zetu. Baba yao akanigusa goti, nikanyamaza. Binti akafumua. Bibi alimsogelea, akamkalisha mbele yake, mgongo wa mtoto kifuani kwake, akaweka mikono yake mizee juu ya mikono ya mtoto na kusuka pamoja naye bila kusema kitu. Kisha akatoa mikono. Ukili uliotoka baada ya hapo ulikuwa mfupi, lakini kingo zake zilikuwa zimenyooka, na mtoto mwenyewe alikuwa anapitisha kidole ukingoni kila baada ya muda, kwa namna ile ile aliyoiona.

Nimelifikiria sana neno lile, “fumua”, na ninashukuru halikupunguzwa makali kwa sababu tulikuwa tumelipa. Shuleni kwao kazi mbaya inapewa alama, inaachwa, wanaendelea mbele. Hapa kosa lilikuwa na mahali pake, linaguswa kwa kidole, na mtu anarudi mpaka pale.

Bibi alimuuliza binti swali pia, walipokuwa wanakunywa chai na mandazi. “Na kwenu Dodoma, watu wanafanya kazi gani za mikono?” Binti akanitazama. Nikajibu mimi: zabibu, alizeti. “Hicho kilimo,” bibi akasema. “Mimi namuuliza kazi ya mikono.” Baba yao akaingilia, akataja zeze na ilimba za Wagogo. “Ala! Na huyu ameshapelekwa?” Hapakuwa na jibu la kumpa.

Nungwi, ncha ya kaskazini, tulikaa muda mfupi zaidi. Vyombo vinaundwa pale pale ufukweni, mkuku umelazwa juu ya magogo, mataruma yamesimama wazi. Fundi hana mchoro wa karatasi. Anachagua mbao zilizojipinda zenyewe mtini, anapima kwa jicho, anachonga kwa tezo, anapima tena. Kwa sababu ya tezo na misumeno, watoto hawakuruhusiwa kusogea kokote walikotaka, na hilo nalo lilinipendeza. Waliruhusiwa keekee kwanza: kijana wa fundi anaikaza juu ya ubao, mwanangu anavuta upinde mbele na nyuma, na vumbi la mti linatoka tunduni kidogo kidogo. Halafu kalafati. Pamba inalowekwa mafuta, inasokotwa iwe kamba laini, inapigwa katikati ya mbao mbili kwa patasi butu mpaka iingie yote. “Piga kwa kusikia,” fundi alimwambia. “Ikiwa bado ina nafasi inalia pu. Ikijaa inalia ko.” Mtoto akainamisha sikio kwenye ubavu wa chombo, akapiga, akasikiliza. Alipofika mwisho wa mwanya wake fundi alipita nyuma yake na patasi yake mwenyewe, akaongeza pamba sehemu mbili, akaendelea bila kutoa hotuba. Chombo kile kitabeba watu. Sehemu aliyoziba mtoto ilipaswa kuwa imeziba kweli, na yeye alilijua hilo. Jioni aliuliza kama tunaweza kurudi siku ya kukishua, kuona kama maji hayaingii.

Mji Mkongwe mambo yalichanganyika zaidi. Karakana moja ilitutangazia darasa la kuchonga kwa watoto. Tulipofika, wakapewa visanduku vilivyokwisha kuchongwa, nakshi zote zipo, na kipande cha msasa. Wakasugua, wakapigwa picha, muda ukawa umekwisha. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kusema hawakujifunza kitu. Baada ya Jambiani walikuwa na kipimo chao. Tangu hapo, kabla sijatoa fedha, ninataka kujua kama fundi angekuwa anafanya kazi ile ile leo hata kama sisi tusingefika. Kama jibu ni ndiyo, mtoto atapata nafasi ya kweli pembeni yake. Kama kila kitu kimeandaliwa kwa ajili yetu, hakuna cha kufumua.

Kwa bahati ngoma iliturudishia moyo. Unguja ina Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kufundisha taarabu na muziki mwingine wa visiwa kwa vijana ambao wangeusikia redioni tu. Mwalimu aliyetufundishia watoto hakuwapa ngoma ya dumbaki kwa muda mrefu. Waliimba mdundo kwanza, dum kwa sauti nzito, tak kwa sauti kali, wakipiga mapaja. Alipoona midomo yao haikosei ndipo akawapa ngoma, na mikono ikafuata mdomo. Yule mdogo, ambaye Jambiani alikimbilia rungu, hapa alitulia kuliko dada yake. Mwalimu aliwasimulia habari za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akawa anakuja mjini kuuza vyungu akivitangaza kwa sauti yake, mpaka mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi sahani za santuri. Binti akauliza kama Siti mwenyewe alijua kufinyanga. Ni swali ambalo asingeliuliza mwanzoni mwa safari.

Juu ya malipo, nina msimamo. Mara nyingi darasa lililoandikwa ubaoni hotelini linapita mikono kadhaa kabla ya fedha kumfikia fundi. Sisi tunajua lugha, tunaweza kupiga hodi wenyewe, kuomba kwa adabu, kupatana kabla ya kuanza na kumlipa fundi mkononi mwake. Ila nisingependa tupatane kama tunanunua samaki sokoni. Bibi anapomfundisha mtoto, ukili wake mwenyewe hauendi mbele. Pima ambazo angezisuka siku ile zimekaa mapajani mwake bila kusukwa, na siku ya mnunuzi haisogezwi. Hilo lihesabiwe. Na darasa moja kwa siku kadhaa kwa fundi mmoja lina faida zaidi kuliko mafundi wanne kwa saa moja moja. Tungekuwa na uwezo wa kupunguza kitu kwenye safari ile, ningepunguza mji na kuongeza Jambiani.

Tuliporudi Dodoma binti alikuwa na fungu la ukindu mweupe kwenye begi, na masharti. Bibi alimwambia asuke pima tatu zilizonyooka, akizileta atamfundisha kuzishona, na rangi ndipo atazigusa. Anasuka baada ya kazi za shule. Mara nyingine nasikia ukimya chumbani, nachungulia, namkuta anafumua.

Lile swali la bibi halikutuacha tukae. Chamwino iko karibu na mjini kwetu, na muziki wa Wagogo unajulikana duniani. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma, alibeba ilimba na zeze mpaka majukwaa ya Ulaya na Marekani, na watoto wangu hawakuwa wamewahi kuvishika. Jumamosi moja tukaenda kuulizia, tukaelekezwa kwa mzee anayeunda mazeze. Alimkagua mwanangu mikono, akamuuliza kama anajua kukaa kimya, akajibiwa kwamba anajua kidogo. Mzee akasema tumrudishe baada ya mavuno, vibuyu vikishakauka, na kwamba tusije saa tano na kuondoka saa sita. Kuwamba ngozi kunachukua asubuhi nzima, na siku hiyo zeze halipigwi.